KIKOMBE NI CHA NANI? Neno juu ya mashindano ya mbwa wa ndege



Leo tunasema juu ya mbwa. Msicheke kwanza. Tunajua kuna wenye kuuliza: gazeti la watu wa kazi lina shauri gani na mbwa wa matajiri wa Uingereza na wa Marekani? Jibu letu ni hili: someni mpaka mwisho, kisha mpime wenyewe. Kuna mchezo mmoja ambamo kazi ya watu wengi inapewa jina la mtu mmoja, mchana, mbele ya macho ya wote, na watu wanapiga makofi. Mtu aliyeshuka mgodini usiku, akatoa mawe ya shaba, kisha akaona katika picha mkurugenzi peke yake ameshika kipande cha shaba na kucheka, mtu huyo ataufahamu mchezo huu upesi kuliko wale wanaoucheza.

Jina lake ni mashindano ya mbwa wa ndege.

NAMNA MCHEZO UNAVYOKWENDA

Kuna mbwa wanaoitwa pointa, na wengine wanaitwa seta. Kazi yao ni kutafuta ndege waliojificha majanini, zaidi kware. Mbwa wa namna hii hakamati ndege. Anakimbia mbali, anapima upepo kwa pua yake, na akipata harufu anasimama ghafula kama nguzo, pua mbele, mkia juu, hasogei. Ndiyo namna yake ya kumwambia mtu: wako hapa. Mtu anakuja, anawaamsha ndege, wanaruka. Katika mashindano makubwa ya Marekani hawaui kware. Mwongozaji anapiga bastola yenye mlio tu, haina risasi, na mbwa anapaswa kubaki imara, asiwafukuze hata hatua moja.

Mbwa wanaachiliwa wawili wawili. Mmoja akisimama juu ya ndege, mwenzake akimwona, naye anapaswa kusimama nyuma, amheshimu, asimpite na kumnyang'anya. Akimnyang'anya, waamuzi wanamhukumu vibaya, na pengine wanamtoa. Shikeni neno hili, wandugu, sababu tutalirudia: katika mchezo huu ni kosa kubwa mbwa kuiba kazi ya mbwa mwenzake.

Waamuzi wanafuata juu ya farasi, na watazamaji nyuma yao juu ya farasi vilevile. Mashindano ya taifa lote la Marekani yanafanyika karibu na Grand Junction, katika jimbo la Tennessee, mwezi wa pili wa mwaka. Huko kila jozi inakimbia saa 3 nzima. Mbwa anayechoka katika saa ya tatu, hata kama saa ya kwanza alikuwa kama moto, hapati kitu.

Sasa tuangalie watu. Kuna mwenye mbwa, ndiye mwenye mali. Kuna mwongozaji, anayelipwa kumfundisha mbwa na kumwongoza siku ya mashindano. Kisha kuna mtafutaji. Huyu anapanda farasi kandokando. Mbwa akipotea katika vichaka, yeye ndiye anayeingia kumtafuta. Mara nyingi anamkuta mbwa amesimama juu ya kware mahali ambapo hakuna jicho la mtu linalomwona. Basi anapaza sauti ili mwongozaji na waamuzi waje waone. Asipofika upesi, mbwa anahesabiwa amepotea, na siku yake imekwisha. Bingwa wengi wamepata cheo sababu mtu mmoja alijua wapi pa kuangalia. Nyuma ya huyo kuna wengine tena: anayelisha mbwa, anayefagia mabanda, anayetunza farasi, anayetembea na watoto wa mbwa kila asubuhi mpaka wanajua harufu.

Katika majimbo ya kusini ya Marekani, kwa miaka mingi sana, kazi hizi za nyuma zilikuwa mikononi mwa watu weusi. Vikombe vilikuwa mikononi mwa watu weupe. Fungueni orodha ya washindi mwone. Kuna safu ya jina la mbwa. Kuna safu ya mwenye mbwa. Kuna safu ya mwongozaji. Safu ya mtafutaji haimo. Mwandishi mwema akitoa habari ndefu za siku ile, pengine atamtaja. Lakini habari ndefu zinasahaulika, orodha inabaki. Mbwa ana jina katika orodha, mtu hana.

MLANGO ULIFUNGWA ZAMANI

Mtu asituambie kwamba mambo haya yalitokea hivi tu, kama mvua. Tuanze Uingereza, maana mchezo umetoka huko.

Mwaka wa 1671 bunge la Uingereza lilitunga sheria ya wanyama na ndege wa kuwinda. Asiye na ardhi yake yenye kuleta pauni 100 kwa mwaka, au cheo cha namna hiyo, alikatazwa kuwinda. Tena alikatazwa kufuga mbwa wa kutafuta ndege. Basi mkulima aliyekuwa akilisha kware na kwale kwa nafaka ya shamba lake hakuwa na ruhusa ya kuwa na mbwa wa kuwatafuta. Mwaka wa 1828 ilikuja sheria nyingine juu ya wanaowinda usiku kwa siri: kwa kosa la tatu mtu aliweza kupelekwa ng'ambo ya bahari kwa miaka 7, mbali na mke na watoto. Mwaka wa 1831 kipimo cha pauni kiliondolewa, lakini ndege walibaki wa mwenye ardhi, na anayewinda alipaswa kununua cheti. Mlango ulifunguliwa kidogo, ufunguo ukabaki mfukoni mwa bwana.

Katika nchi ya namna hiyo ndipo yalipofanyika mashindano ya kwanza, mwaka wa 1865, huko Southill, juu ya ardhi ya mbunge mmoja tajiri. Kwa miaka 160 maskini alikuwa amekatazwa mbwa. Kisha wenye mbwa wakakutana wao kwa wao kujua nani mwenye mbwa bora. Wakaita hayo mashindano. Mashindano gani haya, kama wengi wamefungiwa nje tangu babu za babu zao?

Mwaka uleule wa 1865 utumwa ulikwisha katika sheria ya Marekani. Miaka 9 baadaye, mwaka wa 1874, Wamarekani walifanya mashindano yao ya kwanza, karibu na Memphis, katikati ya nchi ya pamba. Mwaka wa 1896 wakaanza mashindano ya taifa, huko West Point, Mississippi, nchi ya pamba vilevile. Walichagua nchi hiyo sababu kware walikuwa wengi. Na kware walikuwa wengi sababu gani? Tutafika hapo. Kwanza tuseme habari ya beleshi.

BWANA WA MABELESHI

Nyinyi mnaojua uzito wa beleshi, sikilizeni. Huko Massachusetts, upande wa kaskazini wa Marekani, ukoo wa Ames ulikuwa na kiwanda cha mabeleshi. Mabeleshi yao yalichimba njia ya reli iliyovuka Marekani na kukamilika mwaka wa 1869. Wachimbaji wa dhahabu wa California waliyashika. Mamilioni ya mikono iliyapasua malengelenge juu ya mipini ile, na faida ilikwenda kwa ukoo mmoja.

Mwaka wa 1901 mtu wa ukoo huo, Hobart Ames, alinunua shamba kubwa karibu na Grand Junction. Nyumba kubwa ya shamba hilo ilijengwa mwaka wa 1847 na bwana mmoja wa pamba, na pamba yake ililimwa na watumwa. Leo shamba hilo lina eka zaidi ya 18,000. Tangu mwaka wa 1915 mashindano ya taifa yanakimbiliwa juu ya ardhi hiyo, mpaka siku zetu.

Hobart Ames alikuwa mwenye ardhi. Alikuwa rais wa chama cha mashindano kwa zaidi ya miaka 40, mpaka alipokufa mwaka wa 1945. Alikuwa mwamuzi. Na kipimo ambacho waamuzi wanakitumia kumchagua bingwa mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Mwenye shamba, mwenye chama, mwenye kupima, mwenye kipimo: mtu mmoja. Hatusemi alidanganya katika hukumu. Wanaopenda mbwa wanamsifu kwamba alikuwa mwamuzi mwenye macho na moyo wa haki kwa mbwa, nasi hatuna sababu ya kuwapinga. Tunasema hivi tu: haki yake kwa mbwa ilijulikana, ikaandikwa, ikapewa jina. Haki kwa mtu aliyemtafuta mbwa haikuandikwa na yeyote.

NANI ALIYEMFUGA KWARE?

Sasa turudi kwa kware. Kware wa Marekani, wanaomwita bobwhite, hapendi msitu mzito, hapendi shamba kubwa lililosafishwa mpaka mwisho wa jicho. Anataka shamba dogo, kichaka kando yake, majani machache, mbegu zilizoanguka, na ardhi iliyopitiwa na moto mwepesi ili watoto wake waweze kutembea na kudonoa wadudu.

Nani alitengeneza nchi ya namna hiyo? Baada ya utumwa, watu weusi wa kusini walibaki wengi bila ardhi. Walilima ardhi ya bwana kwa kugawana mavuno. Kila familia ilikuwa na kipande chake, na nyumbu mmoja, na jembe dogo. Walilima mahindi, kunde na pamba, waliacha vichaka mipakani sababu hawakuwa na nguvu ya kuviondoa, na walichoma majani kila mwaka kama wazee wao. Kware walijaa. Umaskini wa mkulima ulikuwa chakula cha kware, na kware alikuwa mchezo wa tajiri.

Walipoanza kuona kware wanapungua, mabwana wenye mashamba ya kuwinda upande wa Georgia na Florida walitoa fedha ili mtaalamu achunguze. Mtaalamu huyo, Herbert Stoddard, alianza kazi mwaka wa 1924, akatoa buku kubwa mwaka wa 1931. Katika siku hizo wakubwa wa misitu wa serikali walikuwa wakihubiri kwamba kuchoma pori ni ujinga wa watu wa kijijini. Stoddard akatazama, akapima, akasema: bila moto, kware hawapo. Wakulima wadogo, weusi na weupe, walikuwa na haki.

Wandugu, nani kati yetu hakusikia wazee wake wakiitwa waharibifu wa pori sababu ya moto wa kiangazi? Huko Marekani ujuzi uleule uliitwa ujinga uliposemwa na mkulima, ukaitwa elimu uliposemwa na mtu mwenye buku. Tunamsifu Stoddard kwa kusema kweli mbele ya wakubwa. Lakini kweli hiyo ilikuwa na wenyewe kabla yake.

Na mwisho wake ni nini? Mashine zilikuja, wakulima weusi waliondolewa au waliondoka wenyewe kwenda miji ya kaskazini kutafuta mshahara na kukimbia mateso. Mashamba madogo yakaunganishwa. Misitu ikafunga. Tangu mwaka wa 1966, wenye kuhesabu ndege wanasema, kware wa bobwhite wamepungua kwa kadiri ya asilimia 80. Leo mashamba ya kuwinda yanalipa watu kuchoma majani, yanalipa watu kupanda vipande vidogo vya nafaka kwa ajili ya ndege, na mengi yanaachilia kware waliolelewa katika vizimba. Kwa fedha nyingi wanajaribu kuiga kazi ambayo familia maskini ziliifanya bila kusifiwa. Kama mtu anataka ushahidi wa nani alikuwa mwenye kware, ushahidi ndio huu: mkulima alipoondoka, kware naye akaondoka.

WATATUJIBU NINI?

Watasema: mwenye mbwa ndiye aliyelipa gharama zote, basi kikombe ni chake. Tunajibu: fedha inanunua mbwa, inanunua farasi, inanunua tandiko. Fedha haikuingia kichakani katika saa ya tatu. Mtu aliingia. Mwenye kulipa aandikwe kwamba alilipa. Anayefanya aandikwe kwamba alifanya.

Watasema: mtafutaji alipewa mshahara wake, mambo yamekwisha. Maneno haya tunayajua, tumeyasikia tangu siku za posho na kipande. Mshahara unalipa siku ya mtu. Heshima ya kazi ni kitu kingine, haimo katika bahasha. Kama mshahara ungetosha kumaliza heshima, basi mwongozaji naye angefutwa katika orodha, maana naye analipwa. Mbona yeye yumo?

Watasema: je, mnataka mchezo ukomeshwe? Hapana kabisa. Aliyemwona pointa amesimama katika umande, anatetemeka mwili mzima lakini hasogei, ameona kitu kizuri. Kazi nzuri ni nzuri hata kama bwana mbaya anaitazama. Tena kuna huko mashindano mengine madogo, ya watu wa kawaida, ambamo mtu anatembea kwa miguu yake na kumwongoza mbwa aliyemlea mwenyewe nyumbani. Huko jina na kazi vinakutana katika mtu mmoja. Mchezo huo hatuna ugomvi nao.

Ugomvi wetu ni mmoja. Sheria yao inakataza mbwa kuiba kazi ya mbwa mwenzake. Waitumie sheria hiyohiyo kwa watu.

NA MBWA WETU

Kuna jambo moja linalotugusa sisi wa Kongo. Katika misitu yetu, tangu zamani, wawindaji wana mbwa mdogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja. Habweki kama mbwa wengine, ndiyo maana wanamfunga kengele ya mti shingoni, ili mwindaji ajue yuko wapi anapowasukuma wanyama kwenye nyavu. Pointa anasema kwa kusimama. Mbwa wetu anasema kwa kengele. Kazi ni ndugu.

Wazungu walimchukua. Mwaka wa 1895 wawili walionyeshwa London, wakafa kwa ugonjwa. Mwaka wa 1937 wengine wakaonyeshwa huko, na safari hii wakabaki hai, wakazaa. Na jina walilompa ni nini? Basenji. Kila mmoja wetu anajua neno hili na namna lilivyotupwa usoni mwa baba zetu: basenji, washenzi, watu wa porini wasiostaarabika. Mbwa wa watu hao akaitwa kwa tusi la watu hao, na leo jina hilo limeandikwa katika vyeti vya mbwa duniani kote.

Haikuishia hapo. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, ambalo makao yake yako Ubelgiji, limegawa mbwa kwa makundi. Pointa na seta wako kundi la 7, lililoitwa kwa kazi yao, mbwa wa kuonyesha ndege, na karatasi ya pointa imeandikwa kwamba anapaswa kufanya majaribio ya kazi. Basenji yuko kundi la 5, kati ya mbwa wanaoitwa wa aina ya kale, na karatasi yake imeandikwa: bila majaribio ya kazi. Mbwa aliyelisha vijiji kwa pua yake na kengele yake anaandikwa kama asiye na kazi ya kupimwa! Basi mnaona, wandugu, orodha isiyo na safu si jambo la Tennessee peke yake.

TUNATAKA NINI?

Tunataka jambo dogo, la wino na karatasi. Katika orodha ya mashindano iongezwe safu ya nne: jina la mtafutaji. Na majina ya zamani yatafutwe kwa wazee waliobaki, kwa watoto wao, katika makanisa yao, kabla hayajapotea. Mtafutaji aliwatafutia mbwa miaka mingi. Si kazi kubwa wao kumtafuta yeye mara moja.

Na sisi tuanze kwetu, tusinyooshe kidole kwa wengine tu. Wawindaji wazee wako bado katika vijiji vyetu, wanaojua kumfundisha mbwa, kuchonga kengele na kusuka nyavu. Watoto waende likizo na daftari, waandike majina yao na ujuzi wao. Timu ya mpira ya kambi ikishinda, kikombe kisikae na jina la mkubwa wa kazi pekee. Majina ya wachezaji yaandikwe, na la mama anayefua jezi. Kwaya ikisifiwa, atajwe aliyetunga wimbo. Mgodi ukitoa tani nyingi, iulizwe zimu gani iliyotoa, na watu wake ni nani.

Anayezoea kuacha jina lake lifutwe katika mchezo, kesho ataacha lifutwe katika mambo makubwa. Anayedai jina lake katika jambo dogo amejifunza kudai.

Kazi iandikwe kwa jina la aliyeifanya!